S ni Kufuli, Q ni Ufunguo

Wewe unayenisoma, usiwe na wasiwasi kama hujui mambo ya kompyuta. Mwaka ninaokusimulia, mimi mwenyewe nilikuwa naandika kwa vidole viwili, nikitafuta kila herufi kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele, na hata hivyo kazi niliyoajiriwa kuifanya Kigali ilikuwa kufundisha wengine. Nitakwenda taratibu. Penye neno la kazi nitalifafanua, na ukiona nimekimbia, rudi nyuma usome tena, hakuna anayekuhesabia.

Nimekumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Mzee Fidèle, niliyefanya naye kazi mwaka ule. Tulipotoka makaburini tukarudi nyumbani kwake, mtaa wa nyuma ya soko la Kimironko, tukanawa mikono getini kama ilivyo desturi ya huku, tukakaa chini ya turubai na kila mtu akapewa Fanta. Steven, aliyekuwa rafiki yake ofisini kwetu, alikuja. Alikaa kiti cha mwisho kabisa, chupa yake mkononi bila kuifungua. Binti wa marehemu akamwendea na kumuuliza mbele ya watu: "Ni kweli wewe na Papa mliachana kuongea kwa sababu ya kitufe cha kibodi?" Steven akajibu, "Haikuwa kitufe. Ilikuwa difolti." Binti akanigeukia mimi, ambaye huniita shangazi kwa Kifaransa. "Tantine, difolti ni nani?" Watu wakacheka, kicheko kile cha msibani kinachotoka bila ruhusa. Steven hakucheka. Nami nikamwahidi binti yule kwamba nitamweleza vizuri siku nyingine, na maelezo yenyewe ndiyo haya.

Difolti ni kile ambacho kitu hufanya kabla hujakiambia kifanye nini. Ukiingia mkahawani Kigali ukasema "chai" na kunyamaza, utaletewa chai ya maziwa yenye tangawizi. Kama ulitaka ya rangi, ilikupasa useme. Hakuna aliyekukosea, ila kuna mtu mahali fulani aliyeamua kwamba mteja asiyesema kitu anataka maziwa. Programu za kompyuta zimejaa maamuzi ya namna hiyo. Mtu mmoja anaamua, na maelfu wasiojua kwamba kulikuwa na uamuzi wanakunywa walicholetewa.

Ofisi yetu ilikuwa Muhima, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo. Ukipanda ngazi unajiona mara kumi kabla hujafika. Chumba kilikuwa kimoja kirefu chenye madirisha yanayotazama bonde la Nyabugogo, na kelele za mabasi zilipanda mpaka mezani kwetu, kwa hiyo watu walizoea kusema kwa sauti ya juu hata walipokuwa na siri. Tulitengeneza programu ya maghala: mzigo unapoingia au kutoka, mtu anausoma kwa skana, na hesabu inakuja kwenye mashine kubwa ya Muhima kupitia dirisha jeusi lisilo na picha, maandishi matupu. Wenye kazi yao huliita terminali. Sisi tulisema dirisha jeusi, na aliyeliandika alikuwa Steven. Yeye alikulia Kampala, akarudi na Kiingereza chake na kibodi ya Kiingereza, ile ambayo herufi zake za juu kushoto zinaanza na Q. Mzee Fidèle, aliyesimamia wateja, alisoma kwa Kifaransa, na kibodi yake ilikuwa ya Kifaransa, inayoanza na A. Mmoja akikaa kwenye meza ya mwenzake aliandika matusi bila kukusudia. Walitaniana kwa hilo kila siku. "Wafaransa waliiba Q wakaificha," Steven alikuwa akisema. "Sha, ninyi wa Kampala hata alfabeti mnaanza na Q," Mzee anajibu, na sha ni neno la huku la kumwitia rafiki wa karibu. Na wote wawili waliandika haraka mno, bila kutazama mikono. Mimi, niliyetoka Tanzania, nilipoandika, Steven alikuwa akiita kutoka mwisho wa chumba: "Sikilizeni, kuku wa Mtanzania anadonoa!"

Mchana tulishuka kula mélange nyumba ya pili. Kama hujawahi, nikueleze: unalipia sahani moja na unajipakulia mara moja tu, wali, ndizi, maharage, isombe ambayo kwetu ni kisamvu, viazi, makaroni, vyote juu ya vyote, isipokuwa nyama, ambayo hukatiwa na mama mwenye kijiko, kipande kimoja. Ustadi uko kwenye ujenzi. Mzee Fidèle alijenga kuta za viazi pembeni ili mchuzi usimwagike, Steven alipanga kama tofali, na kipande cha nyama walibadilishana kwa sababu mmoja alipenda mafuta na mwingine hakupenda. Nakueleza sahani hizi makusudi. Nilijua ugomvi umekuwa mkubwa siku nilipomwona kila mmoja anakula nyama asiyoipenda.

Ugomvi wenyewe ulihusu Kontroli na S. Katika programu nyingi, ukishika kitufe cha Kontroli ukabonyeza S, unahifadhi kazi yako. Katika dirisha jeusi, ukifanya hivyo skrini inasimama. Haijafa, inasubiri tu, lakini kwa macho imekufa. Hii ni amri ya zamani sana, ya enzi ambazo mashine zilikuwa za polepole na ilibidi kuwe na namna ya kuziambia "ngoja kwanza". Neno la "endelea" likawa Kontroli na Q. Mashine zile zimekwisha, amri zimebaki. Mzee Fidèle alitaka Steven aizime tangu mwanzo, mteja asikutane nayo kabisa. Steven alikataa. "Kila terminali duniani iko hivyo," alisema. "Mtu wa mashine atakuja, atabonyeza S ili asome taratibu, maandishi yatapita bila kusimama, atasema hawa ni watoto. Asiyeitaka aende kwenye mipangilio aizime." Mzee akasema, "Asiyeijua ataizima vipi? Mipangilio ni ya anayejua kuna mipangilio." Walirudia maneno haya kwa wiki nyingi, mpaka niliweza kuyasema kimoyomoyo kabla yao. Wakati huo yalikuwa bado maneno ya watu wanaopendana. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha wateja waishi na uamuzi wa Steven, nami nilitunga msemo nikautembeza kila ghala: S ni kufuli, Q ni ufunguo. Walicheka, wakakariri.

Basi ikafika siku Bwana Gatera, meneja wa ghala moja la Masoro, alipopiga simu akitaka tuondoe jina la mtu kwenye mfumo. Mtu mwenyewe alikuwa Zaituni. Nilimjua vizuri. Alikuwa mwanamke wa Nyamirambo, babu zake walikuja na biashara kutoka pwani, na alijivunia Kiswahili chake kiasi cha kunisahihisha mimi. Alikaa mlango wa kutokea mizigo, akisoma kwa skana kila kilichopakiwa. Bwana Gatera alisema mzigo unapungua. Mfumo unasema katoni za mafuta ya kula zipo, ukienda kwenye rafu hazipo, na kila zinapopotea inaonekana mashine ya Zaituni ilizimwa ghafla dakika hizo hizo. "Anazima ili isiandike," alisema, na alikuwa tayari amelisema hilo mbele ya wapakiaji wote, kwa sauti. Ijumaa angemtoa kazini na kumkabidhi kwa askari. Nilimsikia Mzee Fidèle akimwomba kwenye simu: "Chef, tupe nafasi tuje tutazame kwanza." Kisha akakata simu akamtazama Steven, Steven akamtazama pia, na hakuna aliyetania.

Tulikwenda Alhamisi asubuhi, watatu, kwa gari la Mzee. Chumba cha Zaituni kilikuwa kibanda cha vioo ndani ya ghala, meza moja, mashine moja, feni, na juu ya kabati chupa ya chai na sahani ya maandazi iliyofunikwa kitambaa. Alikuwa amevaa vizuri kuliko siku za kazi. Alitukaribisha maandazi, na hakuna aliyechukua, nami hadi leo najuta kwamba sikuchukua hata moja, maana nilimwona akikirudisha kile kitambaa polepole. Wapakiaji walikuwa nje ya kioo wakijifanya wanafunga kamba.

"Eleza," Bwana Gatera akasema.

"Nimeeleza mara ngapi?" Zaituni alijibu. "Mashine inaganda. Naganda nayo. Nabonyeza Q kama dada huyu alivyonifundisha, haifunguki. Magari yapo mlangoni, madereva wanapiga honi, nifanye nini? Nazima, nawasha."

"Na vilivyosomwa kabla ya kuzima?"

"Vinapotea. Nilikuambia tangu siku ya kwanza, ukasema mashine haina mdomo wa kusema uongo."

"Rakini kwa nini inaganda kwako tu? Mlango wa kuingilia haigandi."

Zaituni akainua mabega. Mzee Fidèle akamuuliza kwa upole kama huwa anabonyeza Kontroli na S. Akasema ndiyo, vidole vinakwenda vyenyewe. Kabla ya ghala alifanya kazi miaka mingi kwenye secrétariat public kule Nyamirambo, akiwachapia watu barua na maombi ya kazi, na enzi zile umeme ulikuwa ukiondoka bila kuaga. Asiyehifadhi kila mistari miwili aliandika upya akiwa na mteja kichwani. "Mkono huu," akauinua wa kushoto, "unahifadhi hata nikiwa nasonga ugali."

"Sawa, kuganda tumeelewa," Steven akasema. "Rakini, kama anavyosema Bwana Gatera," na alijaribu kutabasamu, "kuganda kunafunguliwa. Naomba kiti." Akaketi. Macho kwenye skrini, akabonyeza Kontroli na S. Maandishi yakasimama. Akabonyeza Kontroli na Q. Yakaendelea. Akarudia. Ikafunguka tena. Akasimama, na alionekana kuumia, kwa sababu alikuwa mtu mwema. "Mama Zaituni, inafunguka."

Zaituni akaketi. Akasimamisha skrini. Akabonyeza Q. Haikwenda. Akabonyeza tena, kwa nguvu, mara nyingi. Skrini ilikuwa imekaa kimya kama ukuta.

"Anabonyeza vibaya makusudi," Bwana Gatera akasema.

"Wallahi nimebonyeza Q!"

Steven akainama juu ya bega lake, akanyoosha mkono, akabonyeza. Ikafunguka. Nje ya kioo mpakiaji mmoja akacheka, na nikamwona Zaituni akisikia kile kicheko. Bwana Gatera alikunja mikono. "Mnaona? Mashine inachagua mikono? Oya, hapana. Mimi nimemaliza."

Sasa ndipo palipotokea jambo ambalo sijalisahau. Badala ya kumtetea mtu aliyekaa mbele yao, wale wawili wakaanza kugombana. Mzee Fidèle akasema kama amri ile ingezimwa tangu mwanzo tusingekuwa hapa. Steven akasema amri inafanya kazi, imeonekana inafanya kazi mbele ya watu watano. Mzee akasema, "Unajali watu wa mashine ambao hawapo, huyu yupo!" Steven akasema, "Usiniwekee mtu huyu kwenye mkono wangu, Mzee. Reka, acha. Usiniwekee." Sauti zao ziligonga vioo. Zaituni alikuwa katikati yao kwenye kiti, akitazama mikono yake kama vitu vya mtu mwingine.

Nilimwomba anipishe. Sikuwa na wazo lolote. Nilitaka tu kuona kama msemo wangu ulikuwa wa kweli, kwa sababu ni mimi niliyemwambia Q ni ufunguo, na kama kuna aliyedanganya, mimi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Nikabonyeza Kontroli na S kwa vidole vyangu viwili. Ikasimama. Nikainamisha kichwa, nikatafuta Q kama kawaida yangu, nikaiona, nikaibonyeza. Haikwenda. Nikabonyeza tena nikiitazama. Haikwenda. Nikamwambia Steven abonyeze yeye, lakini akishabonyeza asiondoe kidole. Akabonyeza akiwa bado amemgeukia Mzee, hata hakutazama. Skrini ikafunguka.

"Usiinue kidole," nikasema. "Sasa angalia umekiweka wapi."

Akaangalia. Tukaangalia wote. Kidole chake kilikuwa juu ya A.

Nikueleze polepole, maana hata sisi ilituchukua muda. Kibodi za ghala zilikuwa zimeharibika kwa vumbi, na Bwana Gatera alinunua nyingine Muhima, za mtumba kutoka Ulaya. Ya mlango wa kutokea ilikuwa ya Kifaransa. Mashine haikuambiwa. Kompyuta haisomi kilichochapwa juu ya kitufe. Inajua mahali tu, na mahali pale pa juu kushoto iliendelea kupaita Q, ingawa juu yake pameandikwa A. Kitufe kilichoandikwa Q kilikuwa kinatuma A. Hakuna aliyegundua kwa sababu Zaituni hakuwa anaandika maneno. Alikuwa na skana, na namba za upande wa kulia, na N ya ndiyo na H ya hapana, ambazo kibodi zote mbili zimeziweka mahali pamoja. S pia iko mahali pamoja. Kufuli lilifunga kwa lugha zote mbili, ufunguo ulifungua kwa moja tu. Steven alikuwa anabonyeza mahali ambapo vidole vyake vya Kampala vilijua Q ilipo. Zaituni alikuwa anabonyeza mahali ambapo vidole vyake vya secrétariat vilijua Q ilipo, na kitufe kilimkubalia. Wote wawili walibonyeza Q, na wote wawili walisema kweli.

"Mana yanjye, Mungu wangu," Mzee Fidèle akasema, akakaa juu ya meza.

Bwana Gatera alichungulia kibodi muda mrefu. Kisha akatoka nje akapiga simu kwa wateja, mmoja baada ya mwingine, nasi tukamsikia kupitia mlango akiuliza habari za katoni. Walikuwa wamezipokea. Zilikuwa zimetoka mlangoni kihalali, zimesomwa, na usomaji wake umepotea mashine ilipozimwa. Aliporudi akasema, "Rakini basi, imekwisha. Endelea na kazi, Mama."

Zaituni hakushika skana. "Haijaisha," akasema. "Uliniita mwizi pale nje, mbele ya wale. Kanisafishie pale pale."

"Nitawaambia baadaye."

"Baadaye ni lini? Wapo hapo wanafunga kamba tangu asubuhi, kamba gani haiishi?"

Nilidhani atakataa. Alisimama, akafungua mlango wa kibanda, akawaambia wapakiaji wasogee. Alisema kwa Kinyarwanda, kisha Zaituni akamwambia arudie kwa Kiswahili kwa sababu wawili kati yao walikuwa Wakongo. Akarudia. "Huyu mama hakuiba kitu. Ilikuwa kibodi. Kibodi nilinunua mimi." Mpakiaji aliyekuwa amecheka akaondoa kofia. Zaituni akasema asante, akaketi, akainua kitambaa kwenye maandazi. Safari hii tulikula.

Ningependa kukuambia kwamba tulirudi Muhima tukiimba. Tulipokuwa tukipita Remera ndani ya gari, Mzee Fidèle alisema, "Sasa utaizima." Na Steven akasema, "Kwa nini? Umeona mwenyewe, kosa lilikuwa kibodi." Yaani walikuwa wameona jambo moja, chumba kimoja, saa moja, na kila mmoja akatoka nalo kama ushahidi wake. Kwa Mzee, amri isingekuwepo, kibodi isingemdhuru mtu. Kwa Steven, kibodi ingekuwa sahihi, amri isingemdhuru mtu. Nimefikiria hoja hizi kwa miaka mingi, na bado siwezi kusema mmoja wao alikuwa mjinga.

Steven alibadilisha kitu, lakini si kile alichoombwa. Toleo lililofuata, dirisha jeusi lilipoganda, mstari ulitokea chini: skrini imesimama, bonyeza kitufe chochote kuendelea. Kitufe chochote, si Q. Ulikuwa msaada mkubwa na nilifurahi, kwa sababu msemo wangu ulikufa na sikuuhuzunikia. Mzee alisema amepewa nusu ya haki. Steven alisema ametoa zaidi ya alichokubali. Tangu hapo walishuka kula kwa saa tofauti. Wakisalimiana, walisalimiana kwa adabu kamili, na adabu kamili kati ya watu waliowahi kuitana sha ni baridi kuliko tusi. Mzee alistaafu akiwa hajala tena meza moja na rafiki yake. Difolti, ukitaka kujua ni nani, ni yule mtu anayeamua wewe ukiwa haupo chumbani, na hawa wawili walipendana vya kutosha kila mmoja kutaka mwenzake awe mtu wa aina hiyo aliye bora.

Mimi nilijifunza kazi yangu mwaka ule. Nilikuwa nafundisha kwa kusema, nikaacha. Siku hizi namwacha mwanafunzi akae mashineni, mimi nasimama nyuma, natazama vidole kabla ya skrini, na simsahihishi mpaka nimeona kinachotokea mikononi mwake. Nimezunguka maghala mengi, na bado nakutana na Q zilizojificha. Kwa hiyo fanya hivi, ni rahisi na hata mtoto anaweza. Mtu akikuambia kwamba kompyuta yake inakataa alichofundishwa, usimjibu. Omba kiti chake. Fungua ukurasa mtupu. Bonyeza vitufe vya mstari wa juu wa herufi, kimoja kimoja, kuanzia kushoto, na kila ukibonyeza, soma kwanza kilichoandikwa kwenye kitufe, kisha soma kilichoandikwa kwenye skrini.